Dumu la Bahati

Kuku wa tatu alikufa Nyanjige akimtazama. Alikuwa tetea mwekundu, mtagaji mzuri, naye aliyumba karibu na mlango wa jiko kama mlevi wa mnadani, mate yakimchuruzika mdomoni, kisha akalala ubavu na kutupatupa miguu. Kando ya gae la maji walikuwa wamekwisha kulala wengine wawili. Nyanjige alishusha beseni tupu kutoka kichwani, akasonya.

"Kideri," alisema peke yake. "Hakina hata haya, kinaingia mchana kweupe."

Hakuwa na nafasi ya kulilia kuku. Siku ya mnada ni siku ya mnada, na beseni la kwanza lilikuwa limekwisha kabla jua halijafika utosini. Ilikuwa majira yale mafupi karanga zinapong'olewa shambani zikiwa bado na maji, ukizichemsha na maganda yake kwa chumvi, chumvi inaingia hadi ndani ya punje. Wasukuma wa mnadani wanaweza kukataa nyama choma, lakini karanga za kuchemsha hawazikatai. Watu walimwambia awahi kurudi na beseni la pili, naye aliwaahidi.

Alichochea miti ya pamba chini ya sufuria kubwa, moshi ukamrukia usoni kama kawaida yake, macho yakamwasha. Akainua dumu la maji kutoka pembeni, akatoka nalo mlangoni lilipokuwa sufuria, akaanza kumimina. Maji yalitoka masafi. Alipofikia chini alilibinua dumu kabisa, akalitikisa kupata tone la mwisho, kwa sababu mtoni ni mbali na yeye si mtu wa kumwaga maji ovyo. Hapo ndipo kwenye mshikio wa dumu, ule mshikio ulio na uwazi ndani, kukatoka kitu kinene kidogo. Kilianguka kwenye maji ya sufuria na maji yakageuka meupe.

Yalikuwa meupe kama maziwa.

Kila aliyelima pamba katika nchi ile ya Bariadi anaujua weupe ule. Dawa ya maji ya kupulizia wadudu, ikiwa kwenye chupa ni rangi ya mafuta ya kupikia. Ikikutana na maji inageuka maziwa. Ndivyo wakulima walivyoipima. Isipogeuka, ujue mwenye duka amekuuzia ujanja. Nyanjige alilitazama sufuria, akalitazama gae la kuku, ambalo alfajiri alilimiminia maji yaliyobaki sufuriani baada ya kuchemsha karanga za kwanza. Kulikuwa bado giza jikoni alfajiri ile. Alilibinua dumu juu ya sufuria vilevile, akalitikisa vilevile, na hakuona rangi ya maji.

Akakaa chini.

Dumu lile lilikuwa fahari ya nyumba. Zamani kidogo dawa ya pamba ilitoka chama cha ushirika, bwana shamba akaileta, akasimamia, na madumu akayakusanya akaondoka nayo. Sasa ilikuwa soko huria. Wanunuzi binafsi walikuwa wanaingia na magari yao, mizani zao na maneno yao matamu, na dawa ilihamia madukani, ikakaa rafu moja na sukari na majani ya chai. Wakulima walichanga, wakanunua dumu moja, wakagawana kwa chupa za soda. Dumu lenyewe lilipobaki tupu walilipigia kura, kwa sababu dumu zima la plastiki, lenye kifuniko, halikuwa kitu cha mchezo. Kura ilimwangukia Josia, mume wa Nyanjige, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kushinda hata bao. Alirudi nyumbani amelibeba begani anaimba. Alilisugua kwa jivu na mchanga wa mtoni, akalianika juani juma zima, akalinusa, akamnusisha mkewe. Lilinuka jivu tu. Wakaliita dumu la bahati, na siku hiyo ya mnada ndiyo kwanza lilitiwa maji ya kupikia.

Lakini lililomtia Nyanjige jasho si dumu. Alikumbuka kuonja.

Huku kwao mtu anayekupa kitu cha kutia tumboni, iwe pombe, uji au maji ya kunywa, huonja kwanza mbele yako uone hakuna ubaya. Wauza karanga wengine walikuwa wameiacha desturi hiyo, wanaona inakula faida. Nyanjige aliishika na ndiyo iliyompa wateja. Kila aliyekuja kununua, alimenya karanga moja mbele yake, akala, ndipo akapima kikombe na kuongeza kiganja cha nyongeza. Asubuhi ile wateja walikuwa wengi. Kwa hiyo katika mnada mzima hakuna aliyekuwa amekula karanga zile kumzidi yeye.

Alishika tumbo lake akalisikiliza.

Josia alirudi kutoka zizini na kumkuta bado amekaa pale pale, moto unawaka chini ya sufuria la maziwa yasiyo maziwa. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alilichukua dumu, akalibinua, tone jingine jeupe likaanguka kwenye vumbi.

"Nililiosha," alisema. "Mama Salvatory, wewe ni shahidi, nililiosha."

"Nimekulaumu?"

"Nililiosha mpaka kucha zikauma."

"Baba Salvatory, watu wamekula. Beseni zima limekwisha." Sauti yake ilikuwa nyembamba, hakuitambua. "Narudi mnadani."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia."

Josia alitupa macho njiani, kama kwamba kuna mtu anasikiliza, akachuchumaa karibu naye. Alikuwa mtu mpole, na woga ulimfanya azungumze kwa ukali ambao si wake. "Sikiliza. Labda imechemka ikafa. Moto unaua kila kitu. Mtu akiumwa tumbo, kipindi hiki cha karanga mbichi nani haumwi tumbo? Watakunywa mwarobaini, kesho wamepona. Wewe ukienda kutamka neno sumu kule, nani atakumbuka dumu? Watauliza ni nani kaweka."

"Nitawaeleza."

"Utawaeleza na macho hayo?"

Nyanjige aliyapangusa kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu miaka mingi, mekundu ya moshi wa miti ya pamba na samadi kavu, kama ya mpishi yeyote wa maeneo yale. Lakini mwaka uliopita, kijiji cha pili tu kutoka kwao, bibi kizee mmoja alikatwa mapanga mlangoni pake kwa sababu mtoto wa jirani alikufa ghafla na yeye alikuwa na macho mekundu, wakasema ni mchawi. Hakuna aliyekamatwa. Nyanjige alikwenda kwenye matanga yale, na njiani wakati wa kurudi hakuna mwanamke aliyemtazama mwenzake usoni.

"Kaa nyumbani," Josia alisema, safari hii kwa kuomba. "Nakuomba. Tutakaa kimya mimi na wewe."

"Na mtoto wa Asumini?"

 Asumini alikuwa mke wa mwenye duka la vitambaa pale senta, na kila siku ya mnada alimnunulia binti yake Faraja kikombe cha karanga. Faraja alikuwa hajaanza hata shule. Alikuwa na tabia ya kunyonya kwanza maji ya chumvi kwenye ganda kabla ya kulimenya. Asubuhi ile Nyanjige alimwongezea viganja viwili vya nyongeza, kwa mapenzi tu.

Tusimfanye Nyanjige shujaa. Aliogopa kwenda mnadani kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Ila alijaribu kujiona amekaa pale jikoni, jua linateremka, anangoja kusikia yowe limetoka nyumba ipi, na hilo aliona hataliweza. Akajifunga kanga kiunoni.

"Hilo dumu litoboe," alimwambia mumewe. "Litoboe na ulitupe." Akaenda.

*

Njia ya mnadani ilipita katikati ya mashamba ya pamba, vitumba vimeanza kupasuka. Nyanjige alitembea haraka, kisha akakimbia, kisha akatembea. Jasho lilimtoka mpaka kanga ikamganda mgongoni. Akajiuliza, jasho hili ni la woga au ni la dawa? Moyo ulimpiga. Woga nao hupiga moyo. Mikono ilitetemeka, na mtu aliyeogopa hutetemeka. Mate yalimjaa mdomoni akatema, yakajaa tena. Alijaribu kukumbuka kama mtu akiogopa anajaa mate au mdomo unamkauka, akashindwa kukumbuka, akaanza kulia huku anatembea.

"Mwadila, mayu," mzee mmoja aliyekuwa akiswaga mbuzi alimsalimu Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba. Umekula karanga?"

"Karanga?"

"Umetoka mnadani? Umekula karanga zangu?"

Mzee alicheka. "Meno yenyewe yako wapi, mayu?" Akapita na mbuzi wake, na Nyanjige akaona kwamba hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote aliyosikia siku hiyo.

Mnada ulikuwa umechangamka. Ng'ombe walilia, vumbi lilisimama hewani, na juu ya boma la miti alikaa Marcelo, dalali, mtu mwenye sauti ya kutosha wilaya nzima. Nyanjige alipenya mpaka chini yake akamshika mguu wa suruali.

"Marcelo, baba, nisaidie kupaza sauti. Waambie watu wasile karanga zangu."

Marcelo aliinama. "Zimefanya nini?"

"Zina dawa. Dawa ya pamba. Kwa bahati mbaya."

Dalali alitupa jicho uwanjani. Nyuma yake dume jeusi lilikuwa limesimama kati ya wanunuzi wawili wanaoshindana. "Mayu, mimi nimekula karanga zako asubuhi, niko mzima. Usiniharibie mnada. Nikitamka sumu hapa watu watatawanyika na wenye ng'ombe wataninyonga." Akageuka akaendelea kuita bei.

Nyanjige alibaki amesimama. Pembeni yake kijana mmoja mwenye kofia alikuwa anamenya karanga kutoka kwenye kipande cha gazeti, bila haraka, akitazama dume. Nyanjige alimpokonya.

"We mama, una wazimu?"

"Usile."

"Nimelipa! Nirudishie karanga zangu!"

"Usile, mwanangu, zitakuua."

Alilisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na likasikika. Mnada una masikio mengi. Wa karibu waliacha kutafuna, wa mbali wakauliza kuna nini, na Nyanjige, akiona kwamba limekwisha toka na halirudi, alipanda kwenye mti wa chini wa boma, akashika mti wa juu kwa mikono yote miwili, akapiga kelele.

"Msile karanga zangu! Zina dawa ya pamba! Aliyekula aende hospitali!"

Kelele za watu zikafa. Ng'ombe peke yao waliendelea kulia.

"Nani kaitia?" mtu aliuliza.

Ndilo swali alilosema Josia. Nyanjige alianza kueleza dumu, kura, jivu, mshikio wenye uwazi, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yake yalivyosikika kama ya mtu anayetunga. Aliziona nyuso zikibadilika. Kijana mwenye kofia alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, anajipangusa mdomo kwa mkono wa shati, tena na tena.

"Mtazameni macho," sauti ya mwanamke ilisema.

"Ni moshi!" Nyanjige alisema. "Jamani, mnanijua mimi. Ni moshi wa jikoni!"

Ndipo Asumini akafika. Hakufika akitembea, alikuja mbio, baibui limeanguka mabegani, na mikononi alikuwa na Faraja. Mtoto alikuwa amelegea, jasho linamtiririka, povu la mate linashuka kidevuni mpaka kwenye gauni. Mashavu yalimtetemeka yenyewe. Asumini hakujua lolote lililosemwa pale mnadani, alikuwa anatafuta gari tu. "Mwanangu!" alilia. "Mwenye gari, jamani! Alikuwa mzima, amekula karanga tu, amekula karanga tu!"

Mduara ulifunga. Nyanjige aliteremshwa kutoka kwenye boma, hakuona na nani, kanga ikabaki mtini. Alijikuta amesimama na gauni lake la ndani lililochanika begani, mbele ya watu aliowauzia karanga miaka nenda rudi, na baadhi yao walikuwa na fimbo za kuchungia. Aliona haya, na aliogopa, na hakujua kipi kimemzidi.

"Alikula!" Ilikuwa sauti ya Marcelo, ikashuka kutoka juu. "Ngojeni! Mama huyu huonja. Leo ameonja mbele yangu."

"Kila mtu alimwona akionja," mwingine alisema.

"Ni kiini macho! Alitema!"

"Mchawi hadhuriki na chake."

"Ale tena tuone!"

Wakaafikiana hapo. Mtu alileta karanga zilizokusanywa chini, zenye vumbi, akazimimina kwenye kiganja cha Nyanjige. Alizitazama. Karanga mbili zikaanguka. Asumini alikuwa mbele yake na mtoto, amenyamaza sasa, anamwangalia kwa macho ambayo Nyanjige angeomba apofuke asiyaone.

"Hospitali," Nyanjige alimwambia. "Mama Faraja, usisimame hapa. Nenda hospitali. Mwambie daktari ni dawa ya pamba, ile ya maji, inayogeuka maziwa. Usisahau kumwambia."

"Kula!" walipiga kelele.

Akainua kiganja. Lakini kabla hakijafika mdomoni tumbo lilimkaza kama kamba ya ndoo, akainama, akatapika. Alitapika mpaka akapiga magoti, akatapika tena, mate marefu yakining'inia, na nyama za mapaja zilianza kumcheza zenyewe chini ya gauni, kila mtu akiziona. Aliona dunia imekuwa giza ingawa jua lilikuwa kali. Juu yake zogo lilikatika.

Wengi hawatasadiki, lakini Nyanjige alifurahi. Alikuwa chini kwenye mavi ya ng'ombe, hana nguo ya heshima, anajitapikia, na moyoni alifurahi kwamba si woga. Ilikuwa dawa kweli. Na wote walikuwa wanaiona.

"Amekula kweli," kijana mwenye kofia alisema polepole, akaanza kulia kwa ajili yake mwenyewe.

Marcelo aliruka chini. Pale pale alimsimamisha mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe mwenye pikapu, kwa sauti ile ile ya kuuza madume, na safari hii hakuna aliyeshindana naye. Mwanamke aliyesema watu watazame macho ndiye aliyemfunga Nyanjige kanga, akamfunga vizuri, akamfutia mdomo kwa ncha yake.  Walipakiwa nyuma pamoja: Nyanjige, Asumini na mtoto, yule kijana, na wengine waliojishika matumbo.

*

Daktari wa zamu aliwamulika machoni kwa tochi. Mboni za Faraja zilikuwa ndogo kama punje za ulezi. "Amekula nini?" aliuliza, na Asumini, ambaye njia nzima hakumwambia Nyanjige neno, alijibu kama alivyoagizwa. "Dawa ya pamba. Ya maji. Ile inayogeuka maziwa."

Wakakimbilia sindano. Walimchoma mtoto, wakangoja, wakamchoma tena, na Nyanjige kutoka kitanda cha pili, na sindano yake mwenyewe mkononi, alilitazama povu la kidevuni kwa mtoto yule kama mtu anayetazama mvua akiomba ikatike. Lilikatika. Mtoto akakohoa, akaomba maji, akalia kwa sauti ya mtoto mwenye nguvu zake.

"Mngeniambia tumbo tu, ningemtibu malaria," daktari alisema huku akiandika. "Asingefika jioni."

Hakufa mtu. Watu waliharisha, walitapika, walilazwa, wakatoka. Siku Nyanjige aliporuhusiwa, Asumini alikuja kitandani kwake amembeba Faraja mgongoni.

"Mama Salvatory, mimi sijakusamehe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Moyo haujataka bado. Sitakudanganya." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Lakini ulikuja kusema. Ungekaa kwako tu, ningekuwa nimezika. Hilo nalo nalijua." Akaondoka. Faraja aligeuza shingo na kumpungia mkono Nyanjige mpaka mlangoni.

*

Josia alikuwa amepika uji. Ulikuwa na madonge, ulikuwa umeungua, na mkewe aliunywa wote kwa sababu aliona jinsi alivyokuwa akimtazama. Kuku wale alikuwa amewazika. Sufuria kubwa alikuwa amelitoboa chini kwa shoka, ingawa hakuna aliyemwambia alitoboe, na Nyanjige aliona huruma.

"Na dumu?" aliuliza.

"Nililitupa."

"Wapi?"

"Korongoni. Kule kwenye miiba."

"Ulilitoboa?"

Josia aliokota kijiti, akachora chora chini.

"Baba Salvatory. Ulilitoboa?"

"Dumu zima lile," alisema Josia bila kuinua uso. "Nilishika panga mara mbili. Halina hata ufa, mama Salvatory. Maisha yangu yote sijashinda kitu."

Hakumgombeza. Aliinuka, akashika ukuta mpaka kizunguzungu kilipopita, akaenda korongoni. Kwenye miiba kulikuwa na kipande cha kamba, kiatu kimoja, na alama mahali dumu lilipolala. Nyayo zilizokuja na kurudi zilikuwa za miguu mitupu, na nchi ile nzima hutembea miguu mitupu.

Hapo woga ulimrudia, tena mbaya kuliko wa mnadani. Kule alijua karanga ziko wapi.

Alianza nyumba ya karibu. Hakuuliza dumu, kwa sababu nani atakiri kuokota kitu cha watu? Alisalimia, akakaa, akaomba maji ya kunywa, akaangalia yanatoka wapi. Nyumba ya kwanza yalitoka mtungini. Ya pili yalitoka kwenye ndoo ya bati. Watu walimpa pole kwa ugonjwa, wakamwambia hawatagusa tena karanga za kuchemsha, wala wao wala watoto wao, karanga si kitu cha kuamini. Kijiji kizima kilisema hivyo. Na katika nyumba mbili aliona madumu ya dawa yamepangwa uvunguni, masafi, yanang'aa, ila si lile. Alipotaka kuwaambia, waliitikia kwa adabu. "Sisi tumeyasugua vizuri, mayu."

Nyumba ya Lukresia ilikuwa ya mwisho, karibu na mto. Lukresia alikuwa mke wa kijana mmoja wa pale, mimba yake ya kwanza, na wakati wa mkasa alikuwa kwao Kiloleli. Alikuwa amerudi juzi tu. Alifurahi kupata mgeni. Alipiga magoti, akasalimia, akaingia ndani, na Nyanjige akasikia maji yanamiminwa, ile sauti ya kugugumia ya maji yanayotoka kwenye mdomo mwembamba.

Alitoka na kikombe cha bati. Nyuma yake, mlango ulipobaki wazi, Nyanjige aliliona. Liliegemea ukuta, la buluu, na kwenye mshikio lilikuwa na alama ya kuungua aliyoitia yeye mwenyewe kwa kijinga cha moto.

Lukresia alipiga magoti tena mbele yake. Akakiinua kikombe kwa mikono miwili na kukipeleka mdomoni mwake mwenyewe, aonje kwanza, kama alivyofundishwa kwao.

Nyanjige alikipiga kikombe. Kiliruka mpaka ukutani.

"Mayu!" Lukresia alishika kinywa chake. Machozi yalimtoka papo hapo. "Nimekukosea nini?"

"Umekunywa? Tangu lini? Umekunywa?"

"Sijanywa, ndiyo kwanza natoka mtoni sasa hivi. Nililisugua jana na leo asubuhi, kwa jivu na mchanga. Wewe ndiye wa kwanza."

Nyanjige aliingia ndani bila kukaribishwa, akalikokota dumu mpaka uani, akaomba msumari na jiwe. Lukresia hakumpa, Nyanjige akavitafuta mwenyewe, akavipata. Aligonga. Lukresia alilia kwa sauti sasa, kilio cha mtu anayeibiwa, akimshika mkono. "Dumu zima, mayu! Dumu zima! Mimi nachota na kibuyu toka niolewe!" Nyanjige aliendelea kugonga. Aligonga tumboni, aligonga chini, aligonga ubavuni, maji safi yakatoka kila tundu yakaloanisha magoti yake. Mwisho alilibinua akaupigilia msumari mshikioni.

Kitu kinene kidogo kilitoka pale, kikaanguka kwenye dimbwi la maji, na dimbwi lote likageuka jeupe mpaka kwenye miguu ya Lukresia.

Lukresia alirudi nyuma, akaweka mikono yote miwili kwenye tumbo lake. Hakulilia dumu tena.